Ndugu A. Mwaipaja Aliyesubiriwa Ipogolo

Vijana wangu, nasikia siku hizi mtu akishachapisha utafiti wake hukaa na simu mkononi akihesabu waliomtaja, kama mfugaji wa Usangu anavyohesabu ng'ombe jioni wakiingia zizini. Mjukuu wangu Neema, aliye chuo kikuu, ndiye aliyenionyesha. "Bibi, angalia, nimetajwa na watu wa nchi nyingine!" Nikampa hongera, halafu nikamuuliza wamemtaja kwa jina gani. Akacheka akidhani natania.

Sikuwa natania. Nimepiga chapa majarida ya watafiti mpaka nikastaafu, na jambo moja nililijua mapema: mtu hutajwa kwa jina lile lililotoka kwenye mashine. Hilo ndilo nataka kuwasimulia. Mengine yatajitokeza yenyewe njiani.

Mimi si msomi. Niliacha shule darasa la sita, baba alipotangulia na mama akamfuata kabla ya mavuno. Nyuma yangu walikuwapo wadogo watatu, nami ndiye mkubwa, basi habari ya shule ikaishia hapo. Shangazi yetu alituhifadhi Kihesa, na mimi nikajifunza kupiga chapa misheni, kwenye taipureta iliyokosa herufi moja tu, Q, ambayo Kiswahili hakijawahi kuiulizia. Mzee Kihwele, Mhehe mwenzetu aliyesimamia chumba cha uchapaji kwenye kituo kimoja cha utafiti wa mazao huko Mbeya, alikuja Iringa likizo akaambiwa habari zangu. Akaja kunipima. Nilikuwa napiga chapa huku mdogo wangu wa mwisho nimembeba mgongoni, analia kwa sauti zote alizojaliwa. Mzee Kihwele akausoma ukurasa hadi chini, hakukuta kosa.

"Anayeweza kazi hii huku mtoto anamlilia mgongoni," akasema, "ataiweza huku watafiti wanamlilia mezani."

Ndivyo nilivyofika Mbeya, miaka ya sabini ikiwa ingali mibichi.

Sasa, kwa ninyi mliozaliwa juzi: stensili ni karatasi laini iliyopakwa nta. Unaondoa utepe wa wino kwenye taipureta ili herufi zikate ile nta, kisha unaivalisha stensili kwenye ngoma ya mashine ya kurudufu. Wino unapita kwenye mikato, nawe unazungusha mkono wa mashine mpaka bega lilalamike. Ukigonga kwa nguvu mno, tumbo la herufi O linadondoka, na ukurasa unatoka umejaa vidoa vyeusi kama mtu amemwaga maharage. Ukigonga kwa unyonge, msomaji anapokea karatasi nyeupe. Ukikosea, unapaka dawa yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza, unasubiri. Asiye na subira hutoboa stensili, na aliyetoboa huanza ukurasa upya. Nimewaona wanaume wazima wakilia kwa ajili ya mstari wa mwisho.

Tena Mbeya ina baridi. Asubuhi za Juni wino ulikuwa unaganda kama samli, na Mzee Kihwele alikuwa akiweka kopo lake karibu na jiko la mkaa. Mimi mgeni nikaona kama wino unapashwa, bila shaka na stensili inapashwa. Nikaiegesha pale pale. Ilijikunja kama jani la mgomba motoni, na ripoti nzima ya pareto ikayeyuka.

"Binti," akasema Mzee Kihwele bila kuinua sauti, "hapa tunapasha wino. Hatuchomi jarida."

Jarida lenyewe lilikuwa la Kiswahili, likisomwa na watafiti na mabwana shamba kote Nyanda za Juu. Mwisho wa kila makala kulikuwa na marejeo, yaani majina ya watu ambao mwandishi ameegemea kazi zao. Wengi waliyaona marejeo kama makapi ya makala. Mzee Kihwele alinifundisha kuanza kuyapiga chapa hayo, mkono ukiwa haujachoka. "Makala ni ugali," alikuwa akisema. "Marejeo yanakwambia unga umetoka shamba la nani."

Kituoni alikuwapo mtafiti mmoja mwanamke, Atupele Mwaipaja, mzaliwa wa Tukuyu, mfupi, mwenye kicheko kilichomtangulia mlangoni. Kazi yake ilikuwa maharage, hasa yule funza anayetafuna shina mche ukiwa bado mdogo. Asubuhi alikuwa vilimani kwa wakulima, mchana anarudi na udongo hadi magotini, na jioni anakuja chumbani kwetu kuniletea mwandiko wake. Mumewe alikuwa mwalimu Tukuyu. Tulizoeana upesi, yeye akiniita Dada Ester ingawa alinizidi umri, kwa kuwa alisema mtu aliyelea wadogo watatu ana haki ya kuitwa dada na dunia nzima.

Wakati ule desturi ilikuwa hivi. Mwanamume aliandikwa kwa herufi ya kwanza na jina la ukoo. Mwanamke aliandikwa jina zima, tena na "Bibi" mbele, ili asije msomaji akashtuka baadaye. Na makala ikiwa na waandishi zaidi ya mmoja, mkuu wa sehemu ndiye aliyetangulia, hata kama jembe hakuligusa. Mkuu wa Atupele aliitwa Ndugu Komba, mtu mwema, mpole, ambaye naamini hakuwahi kumwona yule funza uso kwa uso. Kwa hiyo kazi za Atupele zilipotajwa na vituo vingine, ziliandikwa "Komba na wenzake". Na ile makala aliyoiandika peke yake, yenye "Bibi Atupele Mwaipaja" juu kabisa, ilitajwa kama "taarifa moja kutoka Mbeya".

Siku moja nilikuwa napiga chapa marejeo ya mtafiti wa kituo cha Uyole, Atupele amesimama nyuma yangu anachungulia.

"Dada Ester, unajua jina langu?"

"Atupele."

"Hapana. Nilizaliwa Atupele, nikasoma nikawa Bibi Mwaipaja. Sasa naitwa Wenzake." Akainama kama anamsalimu mgeni kwa lugha ya kwao Tukuyu. "Ugonile, mimi ni Wenzake, wa ukoo wa Komba."

Tulicheka hadi Mzee Kihwele akatoka nje. Lakini baada ya kicheko alikaa kwenye kigoda, akaniambia jambo lililokuwa moyoni mwake. Palikuwa na nafasi ya mtu wa kuongoza utafiti wa maharage Nyanda zote za Juu, apewe gari, mashamba ya majaribio na vijana wa kufundisha. Kamati ingekaa Iringa, na ingetazama ni nani ambaye kazi yake wenzake wanaiegemea zaidi. "Dawa ya funza ninayo," akasema. "Ni kupandishia udongo shinani mapema, mche uote mizizi mipya juu ya jeraha. Kina mama wa Umalila walinionyesha, nami nikaijaribu misimu mitatu. Lakini nafasi ile haiwezi kupewa Wenzake."

Kilichogeuza mambo hakikuwa hekima ya mtu. Kilikuwa uhaba wa stensili. Mzigo ulichelewa kufika kutoka Dar es Salaam, na Mzee Kihwele akaingia na amri mpya: tubane mistari. "Hakuna tena Bwana, Bibi, wala majina marefu kama treni. Sisi sote si ndugu? Basi kila mtu Ndugu, herufi moja, jina la ukoo." Ndiyo ilikuwa lugha ya zama zile, kuanzia waziri hadi mfagizi, na hakuna aliyethubutu kuipinga.

Hivyo makala ya Atupele kuhusu kupandishia udongo ikatoka ikiwa na jina la Ndugu A. Mwaipaja. Mwisho wa makala alikuwa ameorodhesha wale kina mama wa Umalila mmoja mmoja, nao wakawa Ndugu. Mzee Kihwele alinung'unika kuhusu mistari, ila hakuwakata.

Jamani! Barua zikaanza kuja. "Bwana Mwaipaja, tumelifuata shauri lako." "Bwana Mwaipaja, tunakupongeza kwa uchunguzi wa kiume." Hiyo ya uchunguzi wa kiume Atupele aliibandika ukutani juu ya taipureta yangu. Makala za vituo vingine zilipofika, nikawa naliona jina lake kwenye marejeo ya huyu na ya yule: Mwaipaja, Mwaipaja, Mwaipaja. Si kwamba alikuwa ameanza kuandika vizuri zaidi. Ile makala ya kwanza iliyoitwa "taarifa moja kutoka Mbeya" ilikuwa na habari karibu zile zile. Nilizipiga chapa zote mbili kwa vidole hivi.

Katikati ya hayo Atupele akajifungua mtoto wa kike, Subilaga. Barua ya kuitwa Iringa ikamkuta ananyonyesha. Ilitoka kwa Mzee Mgaya, mtafiti mkongwe wa mahindi aliyekuwa mwenyeji wa kikao. Alimkaribisha Bwana Mwaipaja kwa moyo mkunjufu, akamweleza kwamba dereva atampokea Ipogolo, kituo cha basi chini ya mlima wa mji, na kwamba amemtengea kitanda katika chumba kimoja na maofisa wengine watatu.

"Utawaandikia?" nikamuuliza.

"Niwaandikie nini? Kwamba A. ana titi?" Akamhamishia mtoto upande wa pili. "Nikiwaambia sasa, watanitoa kabla hawajaniona. Acha nifike."

Mimi nilikuwa naenda vilevile, maana kikao kilihitaji mtu wa kuandika kumbukumbu. Ndugu Komba alikuwa ametangulia. Basi likatupitisha Chimala, tukanunua wali na kuku kupitia dirishani, Subilaga akalala njia nzima kama gunia la mchele. Jioni tukashushwa Ipogolo, basi likaendelea na safari ya Dar es Salaam, na pale chini ya mlima tukaliona Land Rover la serikali. Dereva kaliegemea, anakula muwa.

"Kamwene," nikamsalimu kwa kwetu.

"Kamwene, dada."

"Tumekuja. Sisi ndio wageni wa Mzee Mgaya."

"Mimi namsubiri Bwana Mwaipaja."

"Ndiye mimi," Atupele akasema.

Dereva akamtazama, akamtazama mtoto mgongoni, akatema makapi ya muwa. "Mama, mimi nimeambiwa bwana."

"Nimeambiwa hivyo hivyo na mimi. Lakini aliyekuja ndiye huyu."

"Utani na wageni mimi sifanyi nikiwa kazini. Gari hili ni la Bwana Mwaipaja. Basi jingine linakuja, atakuwa humo."

"Na asipokuwamo?"

"Nitamsubiri. Mtu mkubwa yule, mama. Mzee Mgaya amesema nisirudi bila yeye."

Nikataka kumkunjia ngumi, lakini Atupele alikuwa anacheka hadi mtoto akaamka. "Msubiri vizuri, kaka," akamwambia. "Akifika mwambie Atupele anamsalimu."

Tukapanda mlima kwa miguu, tukifuata njia ya mkato niliyoijua tangu utotoni, nikampeleka Kihesa kwa shangazi. Wadogo zangu walitupikia, wakagombea kumbeba Subilaga. Asubuhi Mzee Mgaya, niliambiwa baadaye, alimkuta dereva wake amelala ndani ya gari Ipogolo, bado ni mwaminifu kwa Bwana Mwaipaja.

Kikaoni walikaa wanaume meza nzima. Kijana wa mlangoni alipotuona wanawake wawili na mtoto alituelekeza bila kuuliza kwenye kimeza cha pembeni, cha kumbukumbu na chai. Nilianza kusema, Atupele akanikanyaga mguu. Tukakaa. Ndugu Komba, aliyekuwa mezani, akatuona, akainua nyusi. Atupele akatikisa kichwa polepole: bado.

Mwenyekiti, bwana mmoja mtaratibu kutoka makao makuu, akafungua. "Ndugu wajumbe, tumepitia makala za vituo vyote. Anayeegemewa kuliko wengine katika maharage ni Ndugu Mwaipaja. Anayemfuata ni Ndugu Komba. Lakini naambiwa Mwaipaja hajafika. Ndugu Komba, wewe ni wa kituo kimoja naye. Yuko wapi?"

Komba angesema neno moja tu, "sijui," nafasi ingekuwa yake. Akakohoa, akatengeneza tai. "Mwenyekiti, sidhani kama yuko mbali."

"Basi tumjadili, atatukuta."

Mzee Mgaya akasimama wa kwanza. "Mimi simjui kwa sura, lakini nimemsoma. Ndugu yule anaandika kama mtu aliyeshika jembe mwenyewe. Na ana adabu. Ametaja mpaka wakulima waliomfundisha. Wangapi humu hufanya hivyo?" Mjumbe mwingine akasema mkoa wake umevuna maharage kwa sababu ya mtu huyo. Mwingine akasema hajaona hoja iliyonyooka vile. Nami naandika, na Atupele amenishika goti chini ya meza ananinong'oneza, "Waache. Waache wamalize."

Aliyewakatisha ni Subilaga. Aliamka na njaa, akapiga yowe lililojaza ukumbi. Mwenyekiti akageuka, akasema kwa upole, "Mama, labda utoke na mtoto kidogo."

Atupele akasimama, akampakata mwanawe, akamtuliza kwa ziwa hapo hapo chini ya kitenge. "Nitatoka, Mwenyekiti. Lakini nikitoka mtakuwa mnanisema nyuma ya mgongo wangu. Mimi ndiye A. Mwaipaja. Namshukuru Mzee Mgaya kwa gari, ila dereva wako ni mgumu."

Kikombe kiligonga sahani mahali fulani. Kisha Ndugu Komba akaanza kucheka, na kicheko chake cha upole kikawaambukiza wawili watatu. Si wote. Mjumbe mmoja aliyekuwa amesifu sana akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Kazi hii ni ya kusafiri. Mumeo amekuruhusu?"

"Ndiye aliyenipeleka stendi na kunibebea kapu."

"Na huyo mtoto?"

"Amekuja. Mmemsikia."

"Mimi naona," yule mjumbe akamgeukia Mwenyekiti, "tuyaondoe yale tuliyosema, tuanze upya. Tulikuwa tunamzungumzia mtu mwingine."

Hapo ndipo Mzee Mgaya alipopiga meza. "Mtu mwingine yupi? Mimi nimesifu kichwa kilichoandika makala. Kichwa ndicho kile pale. Mate niliyoyatema siyalambi, mimi ni mtu mzima." Akanigeukia. "Binti, umeandika tuliyosema?"

"Nimeandika, mzee."

"Soma."

Nikasimama. Sauti haikunitupa, maana nilizoea kuwasomea wadogo zangu huku nimejifanya siogopi. Nikasoma yote: jembe, adabu, hoja iliyonyooka. Kila mahali, Ndugu Mwaipaja. Sikulazimika kubadili hata neno, kwa kuwa udugu, ule tuliokuwa tukiuimba kila asubuhi, ulimtosha Atupele kama gauni lililoshonwa kwa kipimo chake. Mwenyekiti akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama kuna anayesema maneno hayo si yake. Hakuna aliyeinua mkono. Yule mjumbe alikuwa anatafuta sukari kwenye chai iliyokwisha.

Atupele akapata kazi. Dereva wa Ipogolo ndiye aliyeturudisha mpaka stendi, akimfungulia mlango na kumwita "Bwana Mwaipaja, mama," bila kujua ashike lipi.

Tuliporudi Mbeya nilidhani atabaki na ile A. iliyomletea bahati. Akaja na makala mpya, juu yake ameandika jina zima: Atupele Mwaipaja. Mzee Kihwele akapiga hesabu ya mistari. "Binti wa Tukuyu, herufi moja imekufikisha Iringa. Unaiacha?"

"Mzee, imenifikisha mimi. Je, yule msichana atakayekuja nyuma akasoma marejeo yote na kuona A, B, C, atajuaje kama kuna mwenziwe aliyepita hapa?"

Mzee Kihwele akachukua muda kupasha wino. Kisha akasema kama ni jina zima, basi liwe zima kwa wote, wanaume nao, na vijana wa mwisho kwenye orodha nao, hakuna kufichana kwenye "wenzake". Stensili zilitumika nyingi zaidi. Bega langu linakumbuka. Na nisiwadanganye: baada ya hapo vituo vingine vilipunguza kumtaja, nami niliona, maana marejeo yalipita mikononi mwangu. Yeye aliona vilevile. Akapandishia udongo, akaendelea. Vijana aliowafundisha ndio baadaye walioandika, na wao hawakusahau jina.

Ndiyo maana nawaambia, ninyi mnaoandika kwa kubonyeza kioo: andikeni majina yenu yote, ya waliowasaidia, na ya aliyewakusanyia data huko shambani. Na yasomeni marejeo kwanza, macho yakiwa hayajachoka.

Juzi Neema amenipigia simu kutoka chuoni. "Bibi, kwenye marejeo ya somo letu kuna mtu anaitwa Mwaipaja, A. Ya kupandishia udongo maharage. Mhadhiri wetu anasema ni babu mmoja wa enzi hizo, mtu wa jembe kwelikweli."

Nilicheka hadi miwani ikaanguka.

"Kamwambie mhadhiri wako," nikamjibu, "babu huyo alikuwa ananyonyesha."